Anayesoma Hasugui Sufuria

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Nkuhungu, hapa Dodoma: chumba kimoja, viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa na benchi la wanaosubiri. Ualimu sikusomea. Lakini kina mama wanaoleta mabinti zao kusuka wamekuwa wakiniuliza, "Hivi mwenzetu unawafanyia nini hawa watoto? Kwangu kitabu hakishiki, huku kwako anakigombania." Kujibu swali hilo huku umebana uzi kwa meno ni shida, kwa hiyo nimeamua kuandika, mwenye kutaka asome kwa nafasi yake.

Nazungumzia watoto wa miaka 10 hadi 15, yaani darasa la tano mpaka kidato cha pili. Wadogo hawana tabu. Mtoto wa darasa la pili ukimpa kitabu chenye picha ya sungura atakusomea mpaka umkimbie. Kazi inaanza akishaota chunusi, sauti ikaanza kukwaruza, na kila unachomwambia anajibu kwa kuinua bega.

Mtihani ubaki shuleni

Tazama watoto wetu wanakutana na kitabu wapi. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa. Darasa la saba kuna mtihani wa kumaliza. Kidato cha pili upimaji tena, cha nne mtihani tena. Kitabu anachokijua ni kile ambacho kila sura inaishia na zoezi. Hata hadithi akipewa darasani, anaisoma akijua kuna mtu mbele anamsubiri amuulize dhamira na ujumbe. Mtoto huyo si mvivu. Ameshazoea kwamba mwisho wa kurasa kuna mtego, naye anaukwepa kama mtu yeyote mwenye akili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuutoa huo mtego. Akifunga kitabu, usimuulize amejifunza nini. Usimuulize mhusika mkuu ni nani. Muulize tu, "Ikawaje?" Na muulize kwa sababu unataka kujua, si kwa kumpima, maana vijana wa umri huu wananusa mtihani kutoka mbali. Kama hukusoma kitabu hicho ni vizuri zaidi: hapo yeye ndiye anayejua na wewe ndiye usiyejua, na ni mara chache sana nyumbani mambo yakawa hivyo.

Mengine mawili katika hilohilo. Usifanye kusoma kuwa adhabu. "Umenijibu vibaya, haya ingia ndani ukasome" ni maneno ninayoyasikia mpaka hapa saluni, na mzazi huyohuyo baadaye analalamika kwamba mtoto hapendi vitabu. La pili, usimlipe. Najua wapo wanaotoa soda au mia tano kwa kila kitabu kilichomalizwa. Mtoto atamaliza vitabu, tena vile vyembamba kuliko vyote, na siku hela ikikosekana anavirudisha kabatini.

Msomee, hata kama ana ndevu

Watu wengi wakisikia kumsomea mtoto wanafikiria mtoto wa chekechea. Mimi nasema mkubwa ndiye anayehitaji zaidi, na nimeliona hilo kwa sababu ya kazi yangu.

Kipindi cha wanafunzi kwangu ni likizo, Juni na Desemba. Shule nyingi haziruhusu rasta, kwa hiyo likizo ikifika mabinti wanamiminika. Rasta ndogondogo ni kazi ya saa tano, sita. Kichwa nimekiinamisha, shingo haigeuki, simu akiishika namsukuma tena kichwa chini. Amechoka, amekereka, na hana pa kwenda. Hapo mtu mwingine kwenye benchi akifungua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti, hata yule aliyekuja amenuna anasikiliza. Baada ya kurasa chache utamsikia, "Anti, mwambie asome kwa nguvu, feni inapiga kelele."

Siri yake ni kwamba mikono ina kazi na masikio hayana. Nyumbani kwako huna saluni, lakini Dodoma hii hatukosi cha kubangua. Karanga zikija kutoka Kongwa au Chamwino, gunia moja ni jioni kadhaa za vidole kuuma. Kuna mchele wa kuchambua, kunde za kupukuchua, mlenda wa kuchuma majani moja moja. Kaa na watoto wako, weka ungo katikati, na mmoja asome wakati wengine wanafanya kazi. Kwangu sheria ni hii: anayesoma habangui, na akisoma mpaka tukamaliza, hasugui sufuria usiku huo. Usije ukaniambia nimesema msilipe halafu mimi nalipa. Sufuria lazima zisuguliwe na mtu. Nimegawa kazi tu, na kusoma nimekuhesabu kuwa mojawapo.

Wiki ya kwanza soma wewe mwenyewe. Huhitaji kubadilisha sauti kama wale wa redioni. Soma taratibu, pumua kwenye nukta, na ukurasa wa kwanza uwe umeupitia kabla ili usijikwae mbele yao. Kama Kiswahili chako cha kusoma kimelala, usione haya, hakuna atakayekuandikia alama. Baada ya hapo mpe kijana mwenyewe ukurasa mmoja, halafu miwili.

Na jambo ambalo ukilikosa basi yote yanakuwa bure ni mahali pa kukatia. Usimalize sura. Kata patamu.

Nitoe mfano wa kitabu ambacho wengi wanakiogopa, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Kiswahili chake kizito na mwanzoni kinakaa sana kwenye sifa za mfalme. Ukimpa kijana wa darasa la saba aanze peke yake, kinarudi kesho yake. Mimi sehemu hiyo nawasimulia kwa mdomo, tena haraka: kuna mfalme anaitwa Rai, amemtuma mjumbe wake, Ikibali, kwenda mji wa Janibu kwa mtawala wa huko, Adili. Huyu Adili ni mpole, mkarimu, hana neno na mtu. Usiku mjumbe anaona jambo: mwenyeji wake anawachapa viboko manyani wawili. Hapo ndipo nafungua kitabu, tunaanza kusoma kwenyewe. Wanaanza kuulizana, kwa nini anawapiga? Manyani gani hao? Tukikaribia jibu nakunja ukurasa. "Tutaendelea. Geuza kichwa nikutie mafuta." Mjanja mmoja ataangalia jina la kitabu kwenye jalada na kuanza kubahatisha, mwache abahatishe. Ninachojua ni kwamba kabla hajaondoka mmoja wao ataniomba aende nacho nyumbani, na kile kizito chote cha Shaaban Robert atakipita kwa sababu anatafuta habari za manyani.

Kitabu gani

Mzazi anapokwenda kumnunulia mtoto kitabu anachagua kile ambacho yeye angependa mtoto awe: Njia za Kufaulu, Maadili ya Kijana, Mwanafunzi Bora. Nimetunga majina hayo, lakini mnavijua. Kijana anakipokea, anasema asante, na kinakaa juu ya friji.

Mwache achague, na ukubali atachagua ovyo mara ya kwanza. Akitaka katuni, ni kusoma. Akitaka gazeti la michezo, ni kusoma. Akitaka kitabu cha nyoka wa Afrika chenye picha za kutisha, hicho ndicho. Waliokwisha kushikwa na vitabu niliowaona mimi, wengi waliingilia mlango wa upelelezi au wa majini. Ukitaka pa kuanzia, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika hadithi za Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, na cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka 1960. Vijana wa hapa wanacheka Kiswahili cha Unguja kilichomo, wanaigizana, lakini wanataka kujua muuaji.

Kama hakimshiki, akiache. Nimeweka kurasa 20. Zikipita bila kumgusa, anakirudisha na haulizwi sababu. Watu wazima tunaacha tamthilia katikati kila siku bila kumweleza mtu, sijui kwa nini mtoto tumlazimishe kumaliza.

Hadithi za mapenzi je? Maana kwa mabinti wa miaka 14 ndizo zinazotafutwa. Yale magazeti yenye mambo ya chumbani siyaweki saluni, na ninayemkuta nalo namwambia wazi alirudishe alikolitoa. Lakini hadithi ya msichana aliyependa akaumizwa, naiacha isomwe, tena kwa sauti, na wadada wakubwa wanaposuka wanachangia: "Huyo mwanaume ningemwacha ukurasa wa tatu!" Binti anayesikiliza anaokota hapo mambo ambayo mama yake angemwambia ana kwa ana angekimbia. Mama mmoja hakupendezwa na hilo akahamia saluni nyingine. Ni haki yake.

Wavulana

Wavulana hawasuki, na kwa miaka nilikuwa najua kuwashughulikia mabinti tu pamoja na mwanangu wa kiume, ambaye ananisikiliza akitaka. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni kinyozi. Kwake ndiko wanakojaa, na ubishi wao ni mmoja: Simba, Yanga, na Dodoma Jiji wakishinda. Nilimwomba kinyozi awe ananunua gazeti la michezo na kuliacha kwenye kiti, na ubishi ukianza aseme, "Nani anasema? Tusomee." Basi. Kijana anayetaka kushinda ubishi anasoma safu nzima ya takwimu bila kuambiwa. Gazeti la juzi halitupwi. Kwao lina ushahidi.

Kutoka gazetini kwenda kitabuni ni hatua ndefu, sitakudanganya. Kinachosaidia ni habari za watu: mchezaji alikotoka, mwanariadha, mwanamuziki, rubani. Kijana wangu alianzia hapo, kisha akahamia vitabu vya kutengeneza vitu, redio na sola. Hadithi za kubuni bado anaziona za dada yake. Sijamgombeza, anasoma.

Lakini katika wavulana na hata mabinti yupo anayesema hapendi kusoma, na kweli ni kwamba hawezi vizuri. Amefika darasa la saba anakwama kwenye neno la silabi nne, na amejenga ufundi mkubwa wa kulificha. Utamjua: zamu yake ya kusoma ikifika anataka kwenda kujisaidia, au macho yanamuuma, au anaanza fujo ili afukuzwe. Usimuumbue. Kwanza mpeleke akapimwe macho kweli, maana wapo ambao shida ilikuwa miwani tu na wamepita madarasa wakiitwa wazito.

Kama macho ni mazima, mpe kazi ya kuwasomea wadogo. Kijana wa miaka 13 huwezi kumwekea mbele kitabu cha darasa la pili, utakuwa umemtukana. Ila ukimwambia, "Baba, hawa wadogo zako wanapiga kelele, wasomee hiki mpaka nimalize kupika," amepata sababu ya heshima ya kusoma maneno mepesi, herufi kubwa, hadithi fupi. Wadogo wanamwona bingwa. Wanamwambia rudia, naye anarudia hadithi ileile mara nyingi kuliko mwalimu yeyote angemlazimisha. Nimeliona hili likifanya kazi kwa mtoto wa jirani ambaye kila mtu alikuwa ameshakata tamaa naye. Sasa anasoma polepole, lakini anasoma peke yake.

Ile miezi ya Septemba hadi Januari

Kama una mtoto darasa la saba, shika kalenda. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ni Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati hapo kuna miezi ambayo mtoto hana shule, hana zoezi, amechoka na daftari na ana muda kuliko atakaokuwa nao tena kwa miaka mingi. Wengi wanaishia barabarani, au kwenye simu, au wanapelekwa masomo ya ziada ya kujiandaa na sekondari siku inayofuata baada ya mtihani. Mimi namwombea angalau wiki mbili za kulala.

Baada ya hapo ndio wakati wa kumshika. Ila kuna tatizo linaloitwa Kiingereza. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Januari ghafla baiolojia, jiografia, hisabati, vyote ni Kiingereza. Wazazi wanaogopa, na hofu yao ni ya kweli, kwa hiyo wananyang'anya hadithi ya Kiswahili na kuweka kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia mbili. Mtoto anasoma mistari mitatu, anaona giza, anafunga. Umemkosesha Kiingereza na umemkosesha kusoma.

Usiondoe Kiswahili. Mwenye kuzoea kukaa na kitabu saa nzima kwa Kiswahili ana kiuno cha kukaa na cha Kiingereza. Halafu cha Kiingereza kiwe chepesi mno, chepesi kuliko unavyodhani. Kuna kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, hicho bado, atafute kingine. Kimoja au viwili, sawa kabisa, maneno hayo atayaotea kutokana na habari.

Njia nyingine ni kusoma hadithi moja kwa lugha zote mbili. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi fupi za picha bila malipo kwenye mtandao, na nyingi zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Pakua zote mbili siku bando lipo. Aanze na ya Kiswahili ajue nini kinatokea, kisha ya Kiingereza haimtishi. Ni za watoto wadogo, kwa hiyo rudi kwenye ile mbinu ya kuwasomea wadogo zake. Vitabu vya kiada navyo viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila hivyo usimpe kwa jina la burudani, hatakuamini tena.

Simu usipigane nayo, utashindwa

Bibi yao wanangu yuko Kondoa, macho yamechoka, gazeti hasomi tena. Binti yangu alianza kumsomea sura moja moja na kurekodi sauti kwenye WhatsApp, shangazi yake kule anamchezea bibi jioni. Nilidhani ni mchezo wa siku mbili. Bibi ndiye aliyeukaza: sura ikichelewa anapiga simu, "Mbona yule kijana mmeniachia ndani ya pango?" Mtoto ambaye mimi namsihi asome, mbele ya bibi yake anakuwa mtu mwenye deni. Anarekodi, anajisikiliza, anaona alipokosea nukta, anafuta, anarudia. Sikumfundisha mimi kusoma kwa vituo.

Kama una bibi, babu, au hata kaka yako dereva wa malori anayelala Manyoni, una msikilizaji. Mtumie.

Kelele zikizidi nyumbani, au umeme ukikatika, na hukatika, taa ndogo ya sola iwekwe mahali pamoja tu. Wote wanaotaka mwanga watakuja hapo, na kitabu kiwe kimeshatangulia kufika.

Vitabu vinatoka wapi

Pesa. Najua. Kitabu kipya cha hadithi kinaweza kulingana na kilo kadhaa za unga, na ukiwa na watoto wanne hesabu inakataa.

Maktaba ya mkoa ipo hapa mjini, iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nashangaa wazazi wangapi wanapita karibu yake wakienda sokoni bila kuingia. Mara ya kwanza nenda naye. Ajaze fomu mwenyewe, aandike jina lake mwenyewe, halafu wewe kaa pembeni na simu yako. Ukimfuata kwenye rafu ukisema "hiki kizuri", umeharibu. Akitoka na kitabu cha ajabu, mwache.

Wauza vitabu vya mtumba wanaotandika chini mjini, wapitie mwishoni mwa siku wanapokusanya, bei hulegea. Vyangu vingi nimenunua huko, elfu mbili, elfu tatu. Angalia kurasa za mwisho kabla hujalipa: kitabu cha upelelezi kisicho na ukurasa wa mwisho kitakuletea ugomvi nyumbani. Wateja nao huleta vya watoto wao waliokua. Wengine wanaviona mzigo, wewe omba tu.

Na kuna vitabu ambavyo havijaandikwa bado, lakini wazee wenye visa vyake wako hai. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa hapahapa kwetu. Aliandika historia na mila za Wagogo miaka ya hamsini, akaandika mashairi, na ngonjera ambazo shule zetu zinaimba mpaka leo yeye ndiye aliyezipa nguvu. Alifariki 1969. Hilo huwa nawaambia vijana, kwa sababu wengi wanaamini mwandishi ni mtu wa Dar es Salaam au wa Ulaya. Kisha nawapa daftari: nenda kwa babu yako Hombolo au Mvumi, akusimulie kisa kimoja kwa Kigogo, wewe ukiandike kwa Kiswahili. Daftari hizo ziko kwenye rafu ya saluni pamoja na vitabu. Mwandiko mbaya, vituo hakuna, na ndizo zinazogombaniwa kuliko zote, maana kila mtu anataka kuona fulani wa kidato cha kwanza ameandika nini. Ngonjera nazo ni nzuri kusomwa na wawili, mmoja akibisha, mwingine akijibu. Kijana asiyependa kusoma peke yake hapo anapata mwenzake.

Kuazimisha na kutengeneza

Nina daftari la kuazima. Jina, kitabu, tarehe. Faini sina. Nilichogundua kwa wasusi wenzangu wanaoazimisha nguo na viatu ni kwamba faini inamfanya mtu akukimbie, na mali aende nayo. Kitabu kikichelewa namuuliza binti, "Sasa hivi kiko kwa nani?" Mara nyingi kiko kwa binamu yake, au kwa rafiki yake wa Kizota. Nafuta jina lake, naandika la huyo rafiki, na kumtumia salamu kwamba kuna kingine. Vingine havirudi. Navihesabu kama chanuo zinazopotea kila mwezi.

Vinavyorudi vimechakaa, na hapa ndipo fani yangu inaposaidia. Vile vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini mbili katikati, pini zikishika kutu kurasa zinachomoka. Ng'oa pini zote. Panga kurasa vizuri, fungua katikati kabisa, na toboa matundu matatu kwenye mkunjo: juu, katikati na chini. Chukua sindano ya kushonea wivingi na uzi wake mweusi, ule hauoozi. Ingiza tundu la katikati kutokea ndani kwenda nje, ukibakiza mkia wa uzi ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka mpaka la chini utokee nje, halafu ingia tena kwa la katikati. Mikia miwili iwe imekaa upande huu na huu wa uzi mrefu, ndipo uikaze na kupiga fundo mara mbili. Jalada likichanika, lifunike kwa karatasi ngumu ya kaki, lakini jina la kitabu liandike upya kwa kalamu nene juu yake, kwa sababu kitabu kisicho na jina hakichukuliwi na mtu. Gundi ya maji usiiguse. Karatasi inavimba, na ukurasa wa 30 unagandana na wa 31.